Kuufufua mtaa wa mafundi bila kuwafukuza mafundi: mwongozo kutoka Kibuye, Kisumu

Ukishuka kwenye tuktuk pale Kibuye siku ya kazi, masikio hutangulia macho. Nyundo juu ya bati, msumeno wa stima, kompresa ya kupulizia rangi, na mama wa chai anayepenya katikati akiwaita wateja wake kwa majina ya watoto wao. Jumapili, siku kuu ya soko, hata nyundo hazisikiki kwa wingi wa watu na mitumba.

Kila baada ya miaka kadhaa huja watu wenye michoro, wakaitandaza juu ya boneti ya gari na kusema eneo litaboreshwa. Hapo ndipo fundi aliyezeekea pale huanza kuhesabu vyombo vyake. Ana sababu. Katika miji mingi kuboresha kumekuwa ni kupaka rangi, kupandisha kodi, na mwishowe kuuza simu mahali palipotengenezwa masanduku ya shule.

Mwongozo huu ni wa kamati ya mafundi, wakazi wa jirani, na afisa wa wadi mwenye nia njema. Mfano wangu ni Kibuye kwa kuwa ndiko ninakokujua, lakini wa Bondeni kule Nakuru au wa Kakamega atauchukua na kuupunguza pale usipomkaa vizuri. Msimamo wangu ni huu: kuta za Kibuye nyingi ni mabati na nguzo za mbao, na hakuna atakayesafiri kuja kuzitazama. Historia ya mtaa iko mikononi mwa watu wanaofanya kazi humo. Wakiondoka, hata ukijenga jumba la ghorofa tano, umejenga soko tu.

Hesabu watu kabla uvumi haujaanza

Hii ndiyo hatua ya kwanza, na ndiyo kamati nyingi huifanya ikiwa imechelewa. Pesa zikishatajwa redioni, vibanda huota usiku kama uyoga. Watu ambao hawajawahi kushika randa hujitokeza na funguo mkononi. Basi hesabuni sasa, wakati hakuna anayewasikiliza.

Chukua utepe wa kupimia na daftari. Kila nafasi ya kazi iandikwe: urefu na upana kwa futi, jina la anayefanya kazi humo, aina ya kazi, vyombo alivyo navyo, wanagenzi wangapi, anamlipa nani kodi na kiasi gani. Mpige picha akiwa amesimama mbele ya nafasi yake. Tofautisha mwenye kibanda na mpangaji wake, na mpangaji na yule aliyekodishwa kona moja na mpangaji. Malipo ya fidia yanapokuja, ugomvi wote huzaliwa hapo.

Usiwasahau wasio na kibanda. Msukuma mkokoteni anayepeleka kochi Manyatta, anoaye misumeno, mnunuzi wa chuma chakavu, mama wa chakula, mwanamke anayekusanya vumbi la mbao na kuliuza. Orodha ikiwaacha hawa, mpango wote utakuja na pengo ambalo hakuna mhandisi atakayejua limetoka wapi.

Mkishamaliza, bandikeni orodha ukutani wiki tatu ili watu wasahihishe. Nambari za kitambulisho na za simu zisibandikwe: sheria ya kulinda data ya 2019 inawahusu nanyi pia. Baada ya hapo itisheni mkutano, someni majina kwa sauti, tangazeni tarehe ya kufunga, na nakala mpeleke kwa chifu, kwa msimamizi wa wadi na ofisi ya kaunti, kila moja ipigwe muhuri wa kupokelewa. Miradi inayofadhiliwa na Benki ya Dunia, kama ule wa kusaidia miji uliofika Kisumu na Nakuru, hufuata kanuni kwamba anayepoteza mapato ya biashara ana haki ya kusaidiwa hata kama hana hati ya ardhi, mradi alikuwepo kabla ya tarehe ya kufunga. Orodha yenye muhuri wa mwaka uliopita ina uzito kuliko maandamano.

Chora nani anategemea nani

Wapangaji wa miji huchora barabara na mabomba. Nyinyi chora ramani nyingine: nani anamwazima nani.

Sanduku la shule huanza kwa muuza bati. Fundi hukata, jirani yake hukunja kwa mashine ambayo ni yake peke yake katika safu nzima, wa tatu huleta bawaba na kufuli, kijana hupulizia rangi. Jiko la makaa lenye udongo ndani ni hivyo hivyo: ganda la bati hutoka kwa huyu, kauri hutoka kwa mfinyanzi asiyekuwa hata mjini. Seremala hana mashine ya kuranda, kwa hiyo hubeba mbao zake hadi kwa mwenye mashine na kulipia kwa futi.

Sasa mchukue mwenye mashine ya kukunja umhamishie kilomita mbili, kwenye banda zuri lenye sakafu ya saruji. Kila sanduku limeongezeka nauli ya mkokoteni. Faida ya sanduku ni ndogo, nauli imeimeza. Ndiyo maana mabanda ya viwanda vidogo yaliyojengwa katika maeneo bunge chini ya mpango wa kuchochea uchumi wa 2009, baadhi yake yalikaa miaka bila fundi. Watu walilaumu mafundi kwamba hawapendi maendeleo. Hakuna aliyeuliza mashine ya kukunja iko wapi.

Ramani hii ikichorwa itawaonyesha pia ni akina nani wasioweza kuhamishwa peke yao. Wahamisheni kwa kundi, au msiwahamishe.

Ardhi: usijenge juu ya ahadi

Nenda ofisi ya ardhi ufanye sachi, yaani upekuzi wa rekodi za umiliki, ya kila kipande mnachokalia. Msiamini maneno ya mzee yeyote, hata mwenyekiti wenu. Majibu yatakuwa ya aina nne au tano: ardhi ya umma iliyo chini ya kaunti, ya reli, ya mtu binafsi, hifadhi ya barabara, au barua ya ugawaji ambayo hakuna anayejua imeishia wapi. Pakeni rangi tofauti kwenye ramani. Aliye kwenye hifadhi ya barabara aambiwe ukweli mapema, kwa sababu barabara ya Jomo Kenyatta inayopita hapo hupanuliwa, na trekta halisomi leseni ya biashara.

Mambo mawili ya sheria yanafaa kukaririwa. Kifungu cha 40 cha Katiba, ibara ndogo ya 4, kinaruhusu fidia kwa mtu anayekalia ardhi kwa nia njema hata kama hana hati. Na Sheria ya Ardhi, baada ya kurekebishwa 2016, inataka notisi ya maandishi isiyopungua miezi mitatu kabla ya kuwafurusha watu. Wekeni nakala kwenye simu ya kila mjumbe. Askari wa kaunti akija saa kumi alfajiri, si wakati wa kutafuta wakili.

Ombeni nini? Hapa watu hugawanyika, nami nitasema ninavyoona. Hati ya mtu mmoja mmoja inavutia, lakini fundi aliyeuguliwa atauza, na anayenunua ni mwenye duka. Afadhali mkataba wa muda mrefu kwa jina la chama, kilichosajiliwa chini ya Sheria ya Biashara Ndogo na Ndogo Sana ya 2012. Sheria hiyo inamhesabu mwenye wafanyakazi chini ya 10 na mauzo yasiyozidi shilingi 500,000 kwa mwaka kuwa biashara ndogo sana, kwa hiyo karibu karakana zote zinaingia.

Chama nacho kina ugonjwa wake: viongozi hugeuka mabwana wa nyumba. Dawa ni kuandika katika katiba ya chama kwamba nafasi ni ya anayefanya kazi humo. Isipotumika miezi sita mfululizo bila sababu ya ugonjwa au msiba, inarudi kwa chama na kupewa aliye juu kwenye orodha ya wanaosubiri. Orodha hiyo ikae ukutani, si kwenye mkoba wa katibu.

Andika historia wakati wazee wapo

Haihitaji mtaalamu. Mwanafunzi mmoja mwenye simu ya kurekodi na subira atatosha.

Kuna mengi ya kuuliza. Kabla ya reli, kanda hii ya ziwa ilikuwa na wafua chuma wake. Majembe ya Samia yalisafiri mbali na kulipwa mahari. Reli ilifika ziwani Desemba 1901, mji ukiitwa Port Florence, na pamoja nayo wakaja mafundi wa Kihindi, Kalasinga wengi wakiwemo, ambao vijana wa hapa waliwashikia vyombo hadi wakajua kazi. Neno jua kali lenyewe lilitoka kwa watu waliofanya kazi bila paa. Muulize kila mzee alifunzwa na nani, na huyo alifunzwa na nani. Ukipata ukoo wa mafundi watu wanne nyuma, una kitu ambacho hakuna jumba jipya la biashara litakalokuwa nacho.

Rekodi hizi zina kazi ya kufanya: zipelekeni Jumba la Makumbusho la Kisumu, ziambatisheni kwenye maombi ya fedha, na zitumieni baadaye kwa wageni.

Mchoro upimwe kwa kochi

Niliwahi kukaa kwenye kamati ya mradi mmoja, mji sitautaja. Mabanda yalijengwa vizuri, ukuta wa mawe, paa jekundu. Siku ya kufungua, seremala wa kwanza akatengeneza kochi la watu watatu, akalipaka vanishi, akaita vijana walitoe. Mlango ulikuwa wa futi tatu. Walilizungusha mpaka jioni. Mwishowe walikata miguu ya kochi, na mteja akataka bei ipunguzwe. Fundi huyo alirudi kando ya barabara wiki hiyo hiyo, na banda lake likawa la kuhifadhia vitunguu.

Kwa hiyo kabla mchoro haujatiwa sahihi, mchukueni msanifu mkamweke karakanani siku nzima, asubuhi hadi jioni, bila mkutano wala soda. Aone yafuatayo.

Mlango. Useremala unahitaji upana wa kutoa kabati na kochi bila kulipindua. Mlango wa kukunja unaofunguka upande mzima ndio bora. Nafasi ya mbele nayo ni karakana. Fundi wa geti huchomelea nje kwa sababu geti ni kubwa na moshi ni mkali, na pia kwa sababu mteja anayepita humwona. Banda lisilo na uwanja mbele ni stoo.

Stima. Mashine ya kuranda na ya kuchomelea kubwa huhitaji fezi tatu. Kila karakana iwe na mita yake ya tokeni. Mita moja ya pamoja huvunja vyama kuliko siasa. Na nyaya zipite juu kwenye mabomba, maana ndani kuna vumbi la mbao.

Moto. Hapa sitafupisha. Vumbi la mbao, godoro la sponji, gundi, thina na cheche za kuchomelea viko ndani ya hatua kumi. Gikomba ya Nairobi imeungua mara nyingi. Moto wa Juni 2018 uliua watu 15. Mtenganishe wachomeleaji na washona makochi kwa ukuta wa mawe unaopita juu ya paa. Acheni njia ambayo gari la zima moto litapita, kisha ijaribuni: mwombeni dereva wa kikosi cha kaunti aje na gari lenyewe siku ya Jumapili, soko likiwa limejaa. Asipofika mwisho wa njia, si njia. Ndoo za mchanga ni rahisi na hazina haja ya mafunzo.

Maji. Kisumu ikinyeshewa Aprili huwezi kubishana nayo. Mitaro iwe na mifuniko inayofunguka kwa mkono, maana vumbi la mbao na vipande vya bati vitaiziba kila mwezi, na sakafu ya karakana iinuliwe juu ya njia. Mtaro uelekee mahali. Nimeona mtaro mzuri sana ulioishia kwenye ukuta wa shule.

Mwanga na hewa. Shuka moja ya paa angavu kila baada ya mabati machache huokoa stima na macho. Hili halina ubishi.

Kalenda ya kaunti ni saa ya kazi

Wazo zuri likifika ofisini Mei limechelewa. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 imeweka tarehe. Mpango wa maendeleo wa mwaka wa kaunti huwasilishwa bungeni kufikia Septemba 1. Waraka wa mkakati wa fedha hufika Februari 28. Makadirio ya bajeti, Aprili 30. Mwaka wa fedha huanza Julai 1.

Kazi yenu, basi, ni Julai na Agosti. Mradi wenu uandikwe kwa jina kwenye mpango wa mwaka, ukiwa na mahali na makisio. Jina la jumla kama "uboreshaji wa masoko" litajengewa choo kwingine. Nendeni kwenye vikao vya kushirikisha umma mkiwa na karatasi moja, si hotuba, na hakikisheni imeandikwa kwenye kumbukumbu za kikao. Mwakilishi wadi apewe nakala mbele ya watu.

Sehemu nyingine ya fedha iko kwenye zabuni. Asilimia 30 ya ununuzi wa serikali imetengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Madawati ya shule, vitanda vya hospitali, mageti ya zahanati: yote hayo hutengenezwa Kibuye lakini mara nyingi huuziwa kaunti na dalali aliyeyanunua Kibuye. Sajilini vikundi na mpate cheti. Karani mmoja anayejua kujaza zabuni ana faida kwa mtaa kuliko lango la kifahari.

Jengeni kwa zamu

Msikubali mtaa wote kufungwa kwa wakati mmoja. Mkandarasi ataahidi miezi sita. Fundi asiyeonekana miezi sita amepoteza wateja, na mwanagenzi wake sasa anaendesha bodaboda.

Gawanyeni eneo vipande vinne au vitano. Kipande cha kwanza kiwe kile chenye watu wachache au kiwanja kilicho wazi. Kikikamilika, kundi moja linahamia, nafasi yake inajengwa, na hivyo hadi mwisho. Wakati wa zamu, mabanda ya muda yawe ndani ya sauti ya nyundo kutoka mahali pa zamani, na bango lenye majina na nambari za simu lisimame pale walipotoka. Haya yote yaandikwe kwenye mkataba wa mkandarasi kabla haujatiwa sahihi. Yasipoandikwa, atawaambia hayamo kwenye bei, na atakuwa anasema kweli.

Kazi ndogo apewe nani? Mtaa umejaa wachomeleaji na maseremala. Milango, madirisha, mageti na viti vya wageni vitengenezwe hapo hapo. Ni aibu kununua geti la mtaa wa mafundi kutoka Nairobi.

Wanaolala jirani

Mitaa ya ufundi ina majirani wanaolala, wanaonyonyesha, wanaosoma. Kaloleni haiko mbali. Kanuni za kelele za 2009 huhesabu usiku kuanzia saa mbili jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi. Kubalianeni na wakazi: mashine kubwa zizimwe saa mbili kamili, na upulizaji rangi ufanywe kwenye chumba chenye feni, si kwenye upepo unaoelekea madirishani mwao. Wao nao wapate wanachotaka, ambacho kwa kawaida ni taa za barabarani, choo safi na maji. Choo kikae na mlinzi anayelipwa kutokana na ada ya choo hicho hicho, na mahesabu yasomwe kila mwezi.

Vyumba vya kuishi juu ya karakana? Wasanifu hupenda sana. Juu ya mshona viatu, sawa. Juu ya mchomeleaji, hapana.

Wageni

Sehemu hii nitaipita haraka, kwa sababu kamati nyingi huanzia hapa na kuishia hapa. Mgeni haji kuona ukuta uliochorwa samaki. Anakuja kuona bati likigeuka sanduku, na kuondoka na kitu kinachoingia kwenye begi.

Tengenezeni vitu vidogo: koroboi, jiko la ukubwa wa mkono, kigoda. Wapeni kona wafinyanzi wanaoleta nyungu, wasukaji wa togo, mmea wa ziwani, na fundi wa nyatiti, ala ya nyuzi ya Waluo, kama mnaye. Bei iandikwe. Ziara iwe na mwenyeji ambaye ni fundi au mtoto wa fundi, ada igawanywe kwa karakana zinazopitiwa, na fundi asiyetaka kupigwa picha aweke kitambaa chekundu mlangoni. Njia ya wageni isipite kwenye safu ya kuchomelea bila miwani.

Alama ya pamoja ya bidhaa husajiliwa kwa taasisi ya mali ya ubunifu, KIPI. Isajilini kwa jina la chama. Na vijana wakifunzwa kazi, wapelekeni kwenye mtihani wa ufundi wa NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, gredi ya tatu kwanza. Cheti hicho huwafungulia milango ambayo mikono yao peke yake haifungui.

Siku ya kukabidhiwa

Mkandarasi ataleta karatasi, afisa ataleta kalamu, na hema la sherehe litakuwa limeshapigwa. Msitie sahihi. Fungueni maji yote kwa pamoja. Washeni mashine ya kuranda na ya kuchomelea kwa wakati mmoja mwone kama stima itakatika. Mwageni pipa zima la maji kwenye mtaro na mlifuate hadi linapoishia. Halafu muiteni seremala mwenye kochi kubwa kuliko yote, alipitishe kwenye kila mlango, wa kwanza hadi wa mwisho, huku katibu akiandika. Milango iliyoshindikana iingie kwenye orodha ya kasoro, na sehemu ya malipo izuiliwe hadi mvua ya Aprili ipite.